Dawa ya Deni ni Kulipa

Bei ambayo hupati kitu kwayo si bei. Ni tangazo. Mwanzoni mwa Aprili 2022 watu wa Nairobi waliambiwa lita moja ya petroli ni shilingi 134 na senti 72. Ukifungua gazeti, ni hiyo. Ukiwasha redio, ni hiyo. Ukienda kituoni, pampu imezungushiwa kamba na kijana wa kituo anakutikisia kichwa hata kabla hujashusha kioo. Foleni zilianza magharibi mwa nchi na Bonde la Ufa mwishoni mwa Machi, zikaja zikafika Nairobi. Vituo vingine viliuza kwa kipimo, mia tano kila gari, elfu moja kila gari, mpaka tangi likauke. Na mafuta yaliyokosekana kwenye pampu yalikuwa yakionekana kando ya barabara ndani ya chupa za maji na jerikeni za kupikia, kwa bei ambayo hakuna mkubwa aliyeitangaza.

Siku hizi tunakisimulia kisa hicho kama tunavyosimulia El Niño: kitu kilitoka huko, kikatupiga, kikaenda zake. Mimi nakataa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Uhaba ule uliundwa, tena hapa hapa nyumbani, kwa kalamu na kwa kutolipa. Na kwa kuwa hatukutaka kumuuliza fundi wake, ametuundia mengine tangu hapo.

Tuanze na jinsi bei inavyopangwa, maana hapo ndipo wengi wetu huachwa gizani.

Tangu Desemba 2010, bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta taa nchini Kenya inawekwa na serikali. Kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, hutoa orodha ya bei mji kwa mji, nayo hutumika kwa mwezi mzima. Hesabu yenyewe si uchawi. Wanachukua gharama ya mafuta yaliyoshuka Mombasa, wanaweka usafiri wa bomba na lori, wanaweka kodi na tozo zake zote, wanaweka faida ya kampuni na ya mwenye kituo. Ndiyo maana Mombasa huwa chini na Mandera huwa juu. Mafuta hushukia Kipevu, na kila kilomita yanayokwenda kutoka hapo inahesabiwa.

Sasa, Julai 2020, wakati korona imefunga dunia na mafuta yameshuka bei, serikali ilipandisha Ushuru wa Maendeleo ya Petroli kutoka senti 40 hadi shilingi 5 na senti 40 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Maelezo yalikuwa ya busara kabisa: tuweke akiba siku za neema, bei ikija kupanda tuitumie kupunguza makali. Ni hekima ya Yusufu na ghala za Misri. Nani angeipinga?

Na tuliilipa, tena bila kuombwa mara mbili. Chukua mwanaboda anayetia lita tano kwa siku. Kila siku anaacha shilingi 27 za ushuru huo mmoja tu. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 702. Kwa mwaka ni shilingi 8,424. Huyo ni mtu mmoja na pikipiki moja, sijataja matatu, sijataja lori la kubeba mahindi kutoka Kitale. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilijazwa na watu ambao wengi wao hawana hata hati moja ya kuonyesha kwamba wao ni walipa kodi.

Kibaba chenyewe kilikwenda wapi? Mwaka 2021 wabunge walielezwa kwamba sehemu ya pesa za ushuru huo ilikuwa imeelekezwa kwingine. Neno hilo "kuelekezwa" ni zuri sana. Mtoto akichukua pesa za unga akanunua peremende, mama yake hasemi zimeelekezwa. Lakini mambo ya Hazina yana msamiati wake.

Ruzuku ilianza Aprili 2021. Tafadhali ifuate vizuri hatua hii, maana ndiyo kiini cha kisa chote. Serikali haikumpa mwananchi pesa mkononi, wala haikununua mafuta yenyewe ikayauza kwa hasara. Iliziambia kampuni za mafuta: uzeni kwa bei yetu ya chini, pengo mtakalopata tutalijaza kutoka kwenye ule ushuru. Yaani ruzuku yote ilisimama juu ya ahadi ya kulipa. Aliyekuwa akitukopesha nafuu ile ni kampuni, na aliyetia sahihi ya kulipa ni Hazina. Sisi kituoni tuliona bei imetulia tukadhani mambo ni shwari.

Kisha Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na pipa la mafuta likapita dola 100. Pengo likawa shimo. Kampuni zinahitaji pesa nyingi zaidi kununua shehena ile ile, na pesa zao zimekaliwa. Malimbikizo ya deni la serikali kwa kampuni hizo yalipita shilingi bilioni 13. Hebu jiweke hapo. Una duka, jirani mkubwa amechukua bidhaa zako kwa mkopo miezi kadhaa, hajalipa, na bei ya jumla imepanda. Kesho utajaza rafu na nini?

Walichofanya kinajulikana. Waliokuwa na mafuta yao waliyapeleka kwanza kwenye vituo vyenye nembo yao. Vituo vidogo vya watu binafsi, vile vya barabara ya vumbi vyenye pampu mbili na mwavuli uliopauka, vinavyonunua kwa jumla kutoka kwa wakubwa, vilikauka kwanza. Na mafuta mengine yakaendelea kuvuka mpaka kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, ambako bei haipangwi Nairobi na mnunuzi halipi kwa ahadi. Wakati huo huo wizara ilikuwa ikituhakikishia kwamba nchi ina mafuta ya kutosha. Na pengine ilikuwa kweli! Matangi yanaweza kujaa na wewe ukasukuma pikipiki kilomita nne, kwa sababu mafuta yaliyo ndani ya tangi ni mali ya mtu, na huyo mtu anangoja kulipwa.

Serikali ilijibu vipi? Kwa kutafuta mchawi. Tukaambiwa ni uhujumu wa uchumi, ni kuficha mafuta, ni tamaa. Katikati ya Aprili mkuu wa kampuni moja kubwa ya mafuta, raia wa Ufaransa, alitimuliwa nchini. Siku zile zile bei ikapanda kwa shilingi 9 na senti 90, ikafika 144.62. Na Bunge likawa limepitisha bajeti ya nyongeza yenye zaidi ya shilingi bilioni 34 za kupoza bei ya mafuta. Vitu vitatu kwa mwezi mmoja: mtu akafukuzwa, bei ikapandishwa, pesa zikatengwa. Niambie wewe, ni kipi kati ya hivyo vitatu kilichorudisha mafuta kwenye pampu? Tiketi ya ndege ya yule Mfaransa haikuzaa hata lita moja. Foleni zilipungua pesa zilipoanza kutembea.

Naona kuna msomaji ameshashika kalamu kunijibu kwamba natetea mabepari. Sitetei. Mfanyabiashara anayefungia mafuta akisubiri tarehe 14 bei ipande ni mtu wa kushtakiwa, na sheria ya kumshtaki ipo. Kampuni hizi miaka ya neema hazikutuita kutugawia. Lakini mdai na mwizi ni watu wawili, na serikali inayodaiwa ikimwita mdai wake mwizi kabla ya kumlipa, inakuwa imemfundisha kila mfanyabiashara nchini somo moja: ukiikopesha serikali ya Kenya, utaanza kwa kupoteza faida na utamalizia kwa kupoteza jina. Somo hilo lina gharama, na gharama hiyo haiingii kwenye ile orodha ya tarehe 14. Inaingia kwenye nauli.

Msomaji wa pili atasema, lakini vita vya Ukraine vilikuwa vya kweli. Naam, vilikuwa vya kweli kwa kila mtu. Bei ilipanda Dar es Salaam, Kampala na London. Kupanda kwa bei kulitoka nje, hilo sibishani nalo. Ninachobishania ni pampu kufungwa kamba. Bei kupanda na mafuta kukosekana ni magonjwa mawili tofauti, na serikali inapenda sana tuyachanganye, ili la pili lifunikwe na la kwanza. Majirani zetu wa Tanzania walipobanwa, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 za kwao ianze Juni 2022. Kiasi kilitajwa na mwezi ukatajwa. Sisemi Tanzania ni peponi, maana 2023 nao walikuwa na uhaba wao. Nasema tu kwamba hata nafuu inaweza kutangazwa kama hesabu, watu wakaijua ukubwa wake na mwisho wake. Yetu ilitangazwa kama baraka.

Na kwa nini iwe baraka? Kwa sababu Agosti 9 kulikuwa na uchaguzi. Hakuna serikali inayotaka kwenda kwenye kura na petroli ya 180. Basi bei ikashikiliwa, 150 mwezi Mei, 159 mwezi Juni, ikagandishwa hapo mpaka kura zikapigwa na kuhesabiwa. Septemba 13 Rais mpya, William Ruto, akaapishwa na kutuambia uwanjani kwamba ruzuku ya mafuta imekula shilingi bilioni 144, bilioni 60 kati ya hizo katika miezi minne tu. Siku ya pili yake, tarehe 14, petroli Nairobi ikaruka kwa shilingi 20 na senti 18, ikatua kwenye 179.30. Nafuu yote tuliyokopeshwa kabla ya kura tukaanza kuilipa kesho yake. Kumbe tulikuwa tunanunuliwa kwa pesa zetu, na salio tunadaiwa.

Nani hasa aliumia? Usiniambie "Wakenya", neno hilo ni pana mno, linamfunika mtu mwenye gari la serikali na kadi ya mafuta ya serikali. Mtu huyo hajawahi kupanga foleni. Aliyeumia ni mwanaboda ambaye hanunui mafuta ya wiki. Hununua ya safari, lita moja, lita mbili, kwa pesa alizopata asubuhi hiyo. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Mwenye tangi la lita 60 alijaza siku aliposikia tetesi akalala. Yule wa lita moja alikuwa kituoni kila siku ya Mungu, na kituo kilipokauka alirudi kwenye chupa ya kando ya barabara, akanunua bila kujua kama ni petroli tupu au imechanganywa na mafuta taa, na injini yake ikaja kumwambia ukweli mwezi uliofuata. Aliyeumia ni mvuvi wa Lamu au Kipini mwenye injini ya boti: akikosa mafuta hakosi safari tu, anakosa bamvua, na bamvua haliahirishwi. Ni mama wa nyanya Kongowea, ambaye lori lake limechelewa siku mbili na nyanya hazina subira. Bei ya serikali ilikuwa 134.72 kwa wote, lakini waliopata kununua kwa bei hiyo ni wale wenye tangi kubwa na muda wa kungoja. Maskini alilipia ruzuku kwenye kila lita, halafu siku ya kuihitaji akanunua magendo.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ruzuku iliyotengenezwa kwa jina lake ndiyo iliyomnyima mafuta.

Ungedhani tumejifunza. Lakini wapi! Tazama yaliyofuata. Machi 2023, dola zilipoadimika, serikali iliingia makubaliano na kampuni za mafuta za serikali za Ghuba, Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, tuletewe mafuta kwa mkopo wa siku 180. Sikatai kwamba mpango huo ulipunguza mbio za kila mwezi za kusaka dola. Lakini mkopo wa miezi sita si zawadi. Una gharama zake, na gharama hizo zimo ndani ya lita. Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ukapandishwa mara mbili, kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Oktoba mwaka huo petroli Nairobi ilikuwa shilingi 217 na senti 36, na mafuta taa, nishati ya mtu asiye na gesi wala umeme, yalikuwa 205.06. Ruzuku iliyokuwa imelaaniwa uwanjani ikarudishwa kimya kimya, na kampuni za mafuta zikaanza tena kudai. Safari hii ikazungumzwa habari ya kuwalipa kwa hati za dhamana, yaani deni lilipwe kwa deni. Julai 2024 tozo ya kutengeneza barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Kila mara tunapoishiwa, lita ya mafuta ndiyo mfuko wa karibu wa kutia mkono, kwa sababu haiandamani na haina mbunge.

Na akiba? Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013, kwa hiyo kila tone la petroli tunalochoma hufika likiwa limeshasafishwa nchi nyingine. Mafuta ya Turkana yaligunduliwa 2012, yakabebwa kwa malori hadi Mombasa, shehena ikasafirishwa Agosti 2019 kwa shangwe na picha, na shangwe ikaishia hapo. Nchi isiyochimba wala kusafisha ina jambo moja tu la kujilinda nalo: kuweka. Sheria ya Petroli ya 2019 inazungumzia akiba ya kimkakati ya taifa. Kuizungumzia tumeizungumzia. Aprili 2022 akiba hiyo ya taifa ilikuwa maneno ndani ya kitabu, na tulichotegemea ni mali ya biashara iliyokuwa njiani. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakusema akiba ya karatasi.

Sasa mtu ataniuliza, wewe unataka nini? Nataka mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji wataalamu kutoka ng'ambo.

La kwanza, ushuru unaokatwa kwa ajili ya kutuliza bei ukae kwenye akaunti yake, na sheria imzuie Waziri wa Fedha kuugusa kwa reli, barabara, mishahara au jambo jingine lolote. Akitaka pesa za reli, aje Bungeni aombe pesa za reli, tumsikie.

La pili, tarehe 14 ya kila mwezi orodha ya bei itoke na safu moja ya ziada: serikali inadaiwa kiasi gani na kampuni za mafuta leo, na mfuko wa kutuliza bei una shilingi ngapi. Mistari miwili tu. Machi 2022 tungekuwa na mistari hiyo, kila mwenye boda angejua uhaba unakuja wiki kadhaa kabla, na hakuna waziri ambaye angethubutu kuliacha deni likafika bilioni 13 huku gazeti likihesabu.

La tatu, akiba ya kimkakati iwe ya mafuta, ndani ya matangi, mali ya umma, yenye kipimo kinachojulikana cha siku ngapi nchi inaweza kwenda bila meli. Tumeilipia. Ile hesabu ya shilingi 8,424 za mwanaboda kwa mwaka ni risiti yake.

Watasema haiwezekani, bajeti haina nafasi. Bajeti ilikuwa na nafasi ya bilioni 34 Aprili, ikapata nafasi ya bilioni 60 ndani ya miezi minne, kwa sababu kura zilikuwa karibu. Nafasi hupatikana anayedai akiogopwa.

Basi tuanze kudai kama watu tunaodai, si kama watu wanaoomba. Bei ikipanda tarehe 14, usimtukane kijana wa kituo, yeye hajapanga chochote, naye atapanda matatu jioni kwa nauli ile ile yako. Usimtukane hata Mrusi. Mpigie mbunge wako, mtumie ujumbe, msimamishe kwenye harambee akiwa na kipaza sauti mkononi, umuulize swali moja mbele za watu: mfuko una shilingi ngapi, na tunadaiwa ngapi? Akisema hajui, kaa ukijua foleni nyingine iko njiani. Akijua, mwambie dawa ya deni ni kulipa, na sisi yetu tumeshalipa.